Kupogoa bhangi hakupunguzi nguvu yake

Mwezi mmoja hivi uliopita aliingia katika zahanati yangu mama mmoja wa makamo akilalamika kuhusu kizunguzungu. Akiinuka kitini, alisema, nyumba humzunguka na moyo humwenda mbio kana kwamba amepanda ngazi za ghorofa kumi. Mama huyu ni mgonjwa wangu wa presha kwa miaka kadhaa sasa, na vidonge vyake huvimeza bila kukosa. Nilimpima akiwa ameketi, nikampima tena akiwa amesimama. Presha ilishuka mno alipoinuka. Nikamuuliza yale tunayouliza siku zote: je, amepewa dawa nyingine mahali pengine? Je, kuna miti shamba anayotumia?

"Hakuna, dokta," akanijibu. "Ni chai tu."

Ilichukua muda kidogo kujua ni chai gani. Kijana wake wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, alikuwa na mmea ndani ya ndoo ya rangi juu ya paa la jumba wanamoishi, mtaa mmoja wa Eastlands. Kila Jumamosi kijana huyo huupunguza mmea wake kwa mkasi usije ukawa mrefu. Mama, ambaye si mtu wa kutupa kitu, alianza kuyaokota yale majani yaliyokatwa na kuyachemsha pamoja na majani ya chai na maziwa, kwa sababu kijana alimwambia kwamba ni dawa ya viungo na magoti yake yalikuwa yakimsumbua. Si hayo tu. Kijana akiwa chuoni, ni mama mwenyewe aliyekuwa akiumwagilia mmea maji.

Alitoa simu akanionyesha picha. Mmea ulikuwa haujapita magoti, na ulikuwa umetunzwa vizuri kuliko maua mengi ninayoyaona mbele ya ofisi za mjini. Shina lake lilikuwa fupi na nene, na matawi kama kumi hivi yalikuwa yamepanda juu kwa kimo kimoja, mfano wa kinara cha mishumaa. Ilikuwa ni bhangi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu hapa ili wenyewe wasitambulike, na mama amekubali niandike.)

Baada ya kunyamaza kwa muda, mama alisema neno ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. "Lakini dokta, si ni kamti kadogo tu? Bhangi ninayoijua mimi huwa ndefu kama mahindi."

Tangu siku hiyo nimegundua kwamba wazazi wengi wa mjini wanafikiri kama yeye. Bhangi wanayoifahamu ni ile ya magunia, inayoonyeshwa katika magazeti polisi wanapoichoma, au ile ya mashamba yaliyofichwa msituni. Mwaka 1999, uchunguzi uliofanywa kwa ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya uligundua takriban hekta 200 za bhangi. Hiyo ndiyo picha tuliyo nayo vichwani: shamba, kichaka na mimea inayomzidi mtu kimo. Kamti ka kwenye ndoo, kaliko karibu na kamba ya kuanikia nguo, hakafanani na picha hiyo, kwa hivyo tunakapita tu. Wengine, kama mama huyu, wanakanywesha maji.

Ili uelewe ni kwa nini kimo kinadanganya, sharti kwanza uelewe mkasi hufanya kazi gani. Wakulima wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mchai ukiachwa peke yake huwa mti wa mita 10 na hata zaidi, lakini ukienda Kericho au Limuru utaukuta umefika kiunoni tu, umelala sawa kama meza. Haukuzaliwa mfupi. Umekatwa ili utoe machipukizi mengi mahali ambapo mkono wa mchumaji unafika. Mkulima wa kahawa naye hukata kilele cha mkahawa kwa sababu iyo hiyo, ili usikimbilie juu na kumwacha chini bila matunda ya kuchuma. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba majani ya chai ni mepesi kwa sababu mchai ni mfupi.

Bhangi nayo ni hivyo hivyo. Ikiachwa katika udongo mzuri inaweza kupita mita tatu kwa muda wa miezi michache, ikiwa na umbo la mti wa Krismasi: kilele kimoja kirefu juu, na matawi yanayopanuka kadiri unavyoshuka. Kile kilele hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka shinani na kuyazuia matawi ya kando yasikue upesi. Kilele kikikatwa, kizuizi huondoka, na matawi yaliyo chini yake huanza kushindania nafasi ya kuwa kilele. Badala ya kichwa kimoja mmea unakuwa na viwili, na vikikatwa hivyo viwili, vinakuwa vinne. Mmea unapanuka badala ya kurefuka.

Ujuzi huu vijana wetu wanaupata kwenye simu, na mwingi unatoka katika nchi ambazo sheria imewaruhusu watu wazima kupanda nyumbani. Nchini Kanada, tangu Oktoba 2018, nyumba moja inaruhusiwa mimea minne katika mikoa mingi. Nchini Ujerumani, tangu Aprili 2024, kila mtu mzima anaruhusiwa mitatu. Huko watu wengi hupanda ndani ya chumba chini ya taa za umeme, na mmea unaogusa taa huungua, kwa hivyo kuupunguza kimo ni lazima. Tena, sheria inapohesabu mimea badala ya kuipima mavuno, kila mwenye mimea mitatu atataka kila mmoja uzae kadiri unavyoweza. Hapa kwetu hakuna taa wala dari juu ya paa la nyumba. Kuna jirani. Kijana anapogoa ili mmea usichungulie juu ya ukuta.

Lakini sababu kubwa ya kuupogoa, huko na hapa, ni maua. Na hapa ndipo daktari anapoingia.

Kemikali inayolevya ndani ya bhangi inaitwa THC. Ilitengwa kwa usafi wake mwaka 1964 na wanasayansi Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni huko Israeli. Kemikali hii haikugawanywa sawasawa ndani ya mmea. Shina halina kitu cha kutaja na mbegu vivyo hivyo. Majani makubwa yana kiasi. Hazina yenyewe imo katika maua ya mmea wa kike, ambayo yamefunikwa na vitezi vidogo vya utomvu vinavyonata kwenye vidole. Mmea ulioachwa kukua utakavyo huwa na ua kubwa moja juu, na chini yake maua dhaifu yaliyokosa jua. Mmea uliopogolewa ukalala kama meza hupata jua kila mahali, na kila tawi hufunga ua la maana. Kwa hivyo ninapoona bhangi fupi iliyochongwa vizuri, sioni bhangi iliyopunguzwa. Naona mtu anayetafuta maua.

Niwe mkweli. Mkasi wenyewe hauongezi asilimia ya THC ndani ya ua. Hilo hutegemea zaidi mbegu, na kama ua lilipata chavua ya mmea wa kiume au halikupata. Kile ambacho mkasi hubadilisha ni kile kinachomfikia mvutaji. Msokoto ambao baba ya kijana huyu alivuta akiwa shuleni (naye baadaye aliniambia hivyo kwa kujivunia kidogo, "hata sisi tulivuta, dokta, na tukaacha, na tuko hapa") ulikuwa mchanganyiko wa majani, vijiti, mbegu na maua machache, vyote vikiwa vimeshindiliwa pamoja na kusafirishwa kwa miezi. Kijana wake anavuta ua tupu, lililokaushwa wiki jana. Wanaita kwa jina moja vitu viwili.

Tufanye hesabu kidogo. Nchini Marekani, ambako bhangi iliyonaswa imepimwa kwa miaka mingi, wastani wa THC ulikuwa karibu asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia mwaka 2014 ulikuwa umefika karibu asilimia 12, na maua yanayouzwa leo madukani katika majimbo yaliyoruhusu mara nyingi hupita asilimia 15. Msokoto wa nusu gramu wenye asilimia 4 una miligramu 20 za THC. Msokoto wa uzito uo huo wenye asilimia 16 una miligramu 80. Sehemu yake hupotea na moshi, ni kweli, lakini hupotea katika yote miwili. Mwaka 2021 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza dawa za kulevya, NIDA, iliamua kwamba watafiti wahesabu miligramu 5 kuwa kipimo kimoja. Kwa hesabu hiyo baba alivuta vipimo vinne, na mwanawe anavuta vipimo 16 akidhani anafuata nyayo za baba.

Je, bhangi ya ndoo ile ilikuwa na asilimia ngapi? Haikupimwa, na hapo ndipo penye shida yenyewe. Wako wanaoniambia kwamba bhangi ya nyumbani ni safi, kwamba mtu anajua anachovuta kwa kuwa amekipanda mwenyewe. Mtu huyo anajua udongo, anajua mbolea, anajua siku aliyokata kilele. Kipimo hakijui. Dawa halisi zinazotokana na mmea huu zipo, na mimi si mmoja wa wale wanaozikana. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya CBD, ambayo ni kemikali nyingine ya mmea huu isiyolevya, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kigumu. Daktari huipima kwa miligramu kwa kila kilo ya mtoto na huangalia ini la mtoto huyo kwa vipimo vya damu. Hiyo ni dawa. Majani yaliyoanguka chini ya mkasi siku ya Jumamosi si dawa, hata kama yametoka mti mmoja na dawa.

Nirudi kwa yale majani, maana ndiyo yaliyomleta mama kwangu. Jani bichi la bhangi halilevyi sana, kwa sababu THC ndani yake bado iko katika hali ya asidi. Joto ndilo huigeuza. Halafu THC haipendi maji; inapenda mafuta. Mtu akichemsha majani hayo kwa maji matupu, sehemu kubwa hubaki kwenye makapi. Lakini sisi Wakenya chai yetu tunaichemsha na maziwa, na maziwa yana mafuta. Siagi na samli ni zaidi ya hapo, na ndiyo maana biskuti na keki zilizotiwa bhangi zina nguvu ya kumwangusha mtu. Isitoshe, bhangi iliyoliwa haifanyi haraka kama iliyovutwa. Huchukua nusu saa hadi saa mbili kabla ya kuhisiwa, kwa hivyo mtu huona haijafanya kitu na kuongeza nyingine.

Kwa mgonjwa wa presha, THC huufanya moyo kwenda mbio na wakati huo huo huifanya presha kuanguka mtu anaposimama. Ukiongeza vidonge vya presha juu yake, unapata mama anayeshikilia ukuta akienda chooni usiku. Nyonga ya mwanamke wa umri wake ikivunjika, si jambo la plasta. Wanaotumia warfarin ya kuzuia damu isigande nao wako hatarini, kwani bhangi inaweza kuipandisha nguvu dawa hiyo hadi damu ikavuja ndani. Na mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji anapaswa kumwambia daktari wa nusukaputi kama anavuta au anakula bhangi. Hakuna daktari mwenye akili atakayempigia polisi simu kwa sababu hiyo. Tunataka tu uamke.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosifu mimea mifupi iliyosongamana hawalitaji, nalo ni ukungu. Mmea ulioshonana matawi hushika unyevu katikati, na maua mazito hushika zaidi. Ukungu wa jamii ya aspagilasi unaweza kukaa humo bila kuonekana, na ukivutwa na mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, kwa mfano anayetibiwa saratani, unaweza kumletea ugonjwa mbaya wa mapafu. Wenye pumu nao wajihadhari. Mwezi Januari 2022, mfanyakazi wa kiwanda cha bhangi katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alifariki kwa shambulio la pumu lililohusishwa na vumbi la bhangi iliyosagwa. Kiwanda hicho kilikuwa kinaruhusiwa na sheria.

Sasa kuhusu kijana. Mama alipokuja mara ya pili alikuja naye. Ni kijana mpole, anayeongea kwa heshima, na aliketi karibu na mlango. Hakuwa amelala vizuri kwa wiki tatu. Alikuwa na hakika kwamba majirani wa ghorofa ya chini wanasikiliza anachosema kupitia mabomba ya maji. Mwanzoni nilidhani ni hofu ya kawaida ya mtu anayeficha kitu juu ya paa. Lakini alipoulizwa polepole, ilikuwa wazi kwamba si kuhusu ndoo. Sauti za mabomba zilikuwa zinamtaja kwa jina.

Hiyo ndiyo hali tunayoiita saikosisi, mtu anapopoteza uwezo wa kutenganisha yaliyopo na yasiyopo. Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti ulioongozwa na Marta Di Forti, uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil. Ulionyesha kwamba waliotumia kila siku bhangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara tano zaidi wa kupata ugonjwa huu kuliko wale ambao hawajawahi kuigusa. Si kila anayevuta atapatwa. Wengi hawapatwi, na ndiyo maana baba wa kijana yuko hapa. Lakini ubongo wa miaka 19 bado unajengwa, na kipimo ni kikubwa, na mvutaji sasa hahitaji hata kwenda kununua. Iko juu ya paa. Hapo awali ukosefu wa pesa ulikuwa breki ya aina fulani.

Najua kuna watakaosema daktari ameanza kupiga siasa. Katika kampeni za uchaguzi wa Agosti 2022, George Wajackoyah aliahidi kwamba bhangi itatulipia madeni, na tangu hapo sijamaliza wiki moja bila mgonjwa kuniuliza ninasimama wapi. Nasimama hapa: sheria yetu ya mwaka 1994 inaweza kumfunga anayepanda bhangi hadi miaka 20, na sioni ni ugonjwa gani wa kijana yule utakaopona gerezani. Ningependa kifungo hicho kiangaliwe upya kwa mtu mwenye ndoo moja. Hata hivyo, siwezi kukubaliana na wale wanaotoka hapo na kuruka moja kwa moja hadi kusema kwamba mmea hauna madhara. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Wakenya 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bhangi, yaani mtu mmoja katika kila 53. Katika matatu moja na nusu ya abiria 33 yumo mmoja.

Kwa mzazi anayesoma haya akiwa na wasiwasi juu ya ndoo ya nyumbani kwake, ningeomba asianze na kuing'oa. Mama yule alitaka kupanda juu usiku uo huo na kuimwaga. Nilimzuia, si kwa kuupenda mmea, bali kwa sababu kijana anayeamini kwamba watu wanamsikiliza, akikuta ndoo haipo, atapata ushahidi kwamba alikuwa sahihi. Mlete kwanza hospitalini. Ung'oaji uwe jambo ambalo yeye mwenyewe amelikubali. Na ajue, mzazi, kwamba mtu aliyezoea kuvuta kila siku akiacha huwa mkali, hukosa usingizi, hutoka jasho na kukataa chakula, kuanzia siku ya kwanza au ya pili na mara nyingi kwa wiki mbili hivi. Wengi humkosea hapo. Wanamwona ameharibika zaidi baada ya kuacha na wanaanza kugombana naye wakati ambapo anahitaji uji na mtu wa kukaa naye. Asiyejua pa kuanzia anaweza kupiga simu ya NACADA, nambari 1192, bila malipo.

Na kama kuna mtoto mdogo nyumbani, naye akawa amelegea, ana usingizi usio wa kawaida, anayumba au anapumua polepole, usipoteze muda kumpa maziwa wala kumtapisha. Mkimbize hospitalini na useme ukweli wa alichokula. Nimewahi kuona mtoto akichomwa sindano ya uti wa mgongo kutafutwa ugonjwa wa homa ya ubongo, ilhali mjomba aliyesimama pale mlangoni alijua kilichokuwa ndani ya keki.

Mama ameacha ile chai, na kizunguzungu kiliondoka baada ya siku chache. Magoti bado yanamuuma, na hayo tunayatibu kwa njia nyingine. Kijana ameanza dawa, anamwona daktari wa magonjwa ya akili, na usingizi umerudi kiasi, ingawa mabomba hayajanyamaza kabisa. Ndoo aliiteremsha mwenyewe wiki iliyopita. Nimempa miadi ya Jumatano ijayo, na nikaihamishia ile ya presha ya mama siku iyo hiyo, ili waje na matatu moja.